Mama Kulikoni na Babu Wanaondoka Siku Moja

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika bohari yetu ya chanjo, Mama Kulikoni wa Kitengo cha Mifumo atarudisha kadi ya mlangoni, atakabidhi ufunguo wa kabati ambalo halijawahi kufungika, na kustaafu rasmi. Siku hiyohiyo, kwa ombi la mama huyo, atastaafu pia Babu. Wengi wenu hamjawahi kumwona Babu na hamtamwona, kwa kuwa yeye ni kipande cha programu. Habari zake zitafuata, maana ukimweleza Mama Kulikoni bila Babu utakuwa umeeleza nusu ya mtu.

Mwandishi wa mistari hii amekaa meza ya jirani naye kwa muda unaotosha kuota kipara. Alichaguliwa kuandika wasifu huu kwa sababu moja tu: siku ya kugawana kazi alikuwa ametoka kutafuta biskuti.

Mama Kulikoni aliingia bohari akiwa karani wa kupiga chapa lebo za masanduku. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilipewa chumba chake, chenye pazia na kufuli, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuitazama wakiwa mlangoni. Yeye akauliza inafunikwa pazia kwa nini, kwani inaona haya? Hakujibiwa. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Mhasibu aliyekuwa na ufunguo alivumilia mpaka akachoka, akamwambia basi ingia uitazame mwenyewe, utuache tufanye kazi. Aliingia, na kwa namna fulani hajatoka mpaka leo.

Jina lake la utani lilitokana na salamu yake. Mashine ikigoma, yeye huinama na kuiuliza, “Kulikoni?” Mashine ikifanya kazi vizuri kupita kawaida huiuliza vilevile, tena kwa wasiwasi zaidi. Nyumbani hali ni hiyohiyo. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kabla yake, hukiri kwamba ameoa mtahini. Kitinda mimba wao naye husimulia kwamba utotoni, akisema ameshiba, mama alitaka kujua amejuaje.

Kwa wale wasiopanda huku ghorofa ya pili, kazi ya kitengo chetu ni kulinda ubaridi. Kila zahanati tunayoihudumia ina jokofu la chanjo, na juu ya jokofu kuna kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kisanduku hicho husoma joto, huiamuru mota ipoze au ipumzike, kisha hutuletea habari. Programu zilizomo hatukuziandika zote sisi. Nyingi tulizichukua kwenye maktaba, na hapa usifikirie rafu na vumbi. Maktaba ya programu ni mkusanyo wa vipande vilivyotungwa na watu wengine, huko waliko, wakaviweka hadharani ili anayetaka avitumie. Kila kipande huitwa fanksheni. Kina jina, kina kazi yake, na kikiitwa huitika.

Shida ni kwamba watunzaji wa maktaba nao hubadili mawazo. Fanksheni iliyokuwa kipenzi cha wote mwaka juzi, leo unaikuta imebandikwa maneno kwamba imepitwa na wakati, usiitumie tena. Bado inafanya kazi, ila kila ikiitwa inatoa onyo, kama mzee anayekufungulia mlango huku akilalamikia magoti. Halafu linakuja toleo jipya, na mzee hayupo. Aliyezoea kumwita anabaki anaita hewani.

Maonyo hayo huja kwa mamia, na wataalamu wengi ulimwenguni wana dawa yake moja: kuyazima. Mama Kulikoni aliyasoma. Aliyasoma asubuhi kabla ya kuvua koti, akiwa amejikunja mbele ya skrini, miwani kwenye ncha ya pua, akiguna hapa na pale kama anayesoma barua za wanafamilia.

Ndiye pia aliyeanzisha Chai ya Wastaafu, desturi ambayo wageni wa kitengo chetu hudhani ni dalili kwamba tumeanza kuchanganyikiwa. Ilianza baada ya kisa cha lebo. Kitengo kilikuwa kimefuta fanksheni moja ndogo, ya kuondoa nafasi tupu katika majina ya zahanati, kwa kuwa ilionekana haina faida. Asubuhi yake printa ya bohari ikatoa lebo nzuri, zilizonyooka, zisizo na neno hata moja. Masanduku yakajaa uani bila kujua kwao ni wapi, na dereva mkuu akawa anapita kati yake akiyaangalia moja moja kama mzazi anayemtafuta mwanawe kwenye gwaride la shule.

Tangu hapo Mama Kulikoni akaweka sharti. Hakuna fanksheni itakayoondoka bila kuagwa. Siku ya Ijumaa, kikombe mkononi, mmoja wetu husimama na kuisomea wasifu, na wasifu huo lazima ujibu maswali matatu. Alifanya nini ambacho hakikuandikwa popote? Nani bado anamwita? Nani anachukua nafasi yake, na wawili hao wanatofautiana wapi? Nimesikia katika chai hizo maneno ya kutoa machozi. Fanksheni moja ya tarehe ilisifiwa kwamba ilihudumu kwa uaminifu miaka yote isipokuwa kila Februari. Bosi wetu, ambaye kwa umri ni binti wa Mama Kulikoni ingawa kwa cheo ni mama yake, mwanzoni aliona ni mchezo. Alipohudhuria mara mbili alianza kuja na sukari.

Sasa tuje kwa Babu.

Babu ndiye fanksheni mkongwe kuliko wote tulionao. Kazi yake ni kusoma joto la jokofu. Mwanzoni mwa mwaka huu watunzaji wa maktaba walitangaza kwamba toleo lijalo halitakuwa naye. Sisi nasi hatukuwa na pa kukwepea, kwa kuwa toleo tulilonalo halitengenezwi tena, na mfumo usiotengenezwa ni nyumba isiyo na komeo. Bosi akapanga kila kitu kiwe kimehamishwa kabla ya Juni kwisha. Kuhusu mrithi wa Babu, maelezo ya maktaba yalikuwa na sentensi mbili: “Imepitwa na wakati. Tumia mpya, inafanya kazi ileile kwa haraka zaidi.”

Mama Kulikoni aliisoma sentensi ya pili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akauliza ileile ipi, maana hakuna mahali walipoandika ile ya kwanza ilikuwa inafanya nini hasa. Tukamwambia si kusoma joto, mama, mbona jina lenyewe linajieleza. Akasema hata yeye jina lake ni mama, lakini kazi zake hazijaisha humo.

Tulimtafuta Babu katika programu zetu zote, na kila alipotajwa tukamwondoa tukamweka mpya. Majaribio yakafaulu. Tukapongezana, biskuti zikaliwa. Na siku mbili baadaye, kwenye skrini ya Mama Kulikoni, likaingia onyo kwamba kuna mtu kamwita Babu.

Nani? Onyo lilisema ameitwa. Halikusema na nani. Programu zetu zilikuwa safi, tumezipekua kama nguo za kwenda kufuliwa. Lakini Babu aliendelea kuitwa. Ilipita wiki kimya, ukadhani yamekwisha, kisha kwa alasiri moja akaitwa mara kumi kama mhudumu wa hoteli. Hapo ndipo kitengo kizima kiliposhikwa na udadisi, ugonjwa ambao awali alikuwa nao mmoja tu. Bosi alidhani ni ripoti fulani ya zamani. Fundi wa majokofu, ambaye tunamwita Barafu kwa sababu hajawahi kukasirika, alidhani ni panya, na hakufafanua panya angewezaje. Mwandishi wa mistari hii alithibitisha kwa hoja nzito na michoro ubaoni kwamba ni kosa la saa. Mchoro ulikuwa mzuri sana. Hakuna kingine chema cha kuusema.

Mama Kulikoni hakuwa na dhana, na jambo hilo lilimkera kuliko sisi. Ukumbuke tarehe zilivyokuwa zinakimbia. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa akisoma maonyo, na siku ambayo Babu angefutwa ndiyo hiyohiyo ambayo yeye angetoka mlangoni. Kama mwitaji asingejulikana kabla ya hapo, kuna kitu mahali fulani kingemwita Babu kisipate jibu, na hakuna ambaye angekuwa pale kushtuka. Alimwambia bosi wazi kwamba haondoki na swali hilo mgongoni. Bosi akamjibu kwa upole kwamba mama, toleo haliwezi kungoja. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa siku kadhaa sukari ilikorogwa kimyakimya.

Aliyetoa siri ni birika. Birika letu la umeme lina kifuniko kibovu na tabia ya kupiga mluzi kabla ya maji kuchemka. Alasiri moja umeme ulikatika likiwa katikati ya mluzi, kama unavyofanya mara kwa mara mtaani kwetu. Tukakaa, tukasikiliza karakana ya matairi ya jirani nayo ikinyamaza. Umeme ukarudi, birika likadakia mluzi wake palepale lilipouacha, na skrini ya Mama Kulikoni ilipowaka ikawa na onyo jipya: Babu kaitwa, sasa hivi. Aliacha chai. Wanaomfahamu wanajua uzito wa sentensi hiyo.

Zahanati ya mama na mtoto iko ng'ambo ya barabara, na umeme wake ndio huohuo wetu. Alivuka akiwa bado na kijiko mkononi, Barafu nyuma yake na mimi nyuma ya Barafu. Akamwomba nesi mkuu amruhusu achomoe jokofu kidogo tu, aone kitu. Nesi alisimama mbele ya jokofu, mikono kiunoni. “Hapa hapachomolewi kitu, mama yangu. Hizi ni chanjo za watoto wa watu. Kachomoe kwako.” Mama Kulikoni hakubisha. Alisema hilo ndilo jibu zuri kuliko yote aliyopewa mwezi huo, akarudi.

Tukachukua jokofu la akiba kule bohari, tukalijaza chupa za maji, tukalifunga kisanduku. Barafu akachomoa. Tukangoja. Barafu akachomeka, na kule juu Babu akaitwa.

Kumbe ndani ya kila kisanduku mlikuwa na programu ndogo ya kuamka, iliyowekwa na mafundi waliovifunga zamani, ambayo haikuwahi kukaa kwenye kompyuta zetu. Umeme usipokatika, hailazimiki kufanya lolote. Ukikatika ukarudi, yeye ndiye wa kwanza kufumbua macho, na jambo la kwanza anamwita Babu amwambie joto ni kiasi gani. Ndiyo maana majaribio yetu yalifaulu yote. Tulikuwa tumejaribu mfumo ukiwa macho tu.

Mtu mwingine angeishia hapo, amweke mpya mahali pa Babu, aende nyumbani. Mama Kulikoni alimweka mpya, ndiyo, kama maelezo yalivyoagiza, kisha akamwambia Barafu achomoe tena. Alipochomeka, skrini ikaonyesha sifuri. Na jokofu likanyamaza. Hatukuelewa. Akaweka mkono ubavuni mwa jokofu kama anayempima mtoto homa, akauliza, “Kulikoni?”

Ilimchukua siku nzima kulipata. Kipima joto kikipata umeme upya huchukua muda kuzinduka, na kabla hakijazinduka husema sifuri, kama mtu anayeamshwa ghafla akajibu ndiyo bila kusikia swali. Babu alikuwa akilijua hilo. Hupuuza jibu la kwanza, hungoja kidogo, kisha huuliza tena. Huyu mpya, kwa haraka zake, hulipokea la kwanza. Programu ikisikia sifuri huogopa chanjo zisigande, huizima mota, na hairudi kuuliza mpaka saa nzima ipite. Fikiria alasiri ya umeme wa kukatika mara kumi. Chanjo zingepata joto taratibu, na kengele isingelia, maana kwa mujibu wa mfumo kila kitu kingekuwa baridi kabisa. “Kazi ileile, kwa haraka zaidi.”

Alimwandikia mtunzaji wa maktaba, mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Hakumlaumu. Alimuuliza tu kama anajua kwa nini Babu alikuwa akingoja. Jibu lilikuja la kiungwana na lenye aibu kidogo. Mtunzaji alikuwa amekuta ule usingizi mfupi wa kungoja kwenye programu, bila neno la maelezo, akadhani ni uvivu wa aliyemtangulia, akauondoa. Akaahidi kumwongezea mpya uwezo wa kungoja. Kuhusu maelezo, akamwomba Mama Kulikoni aandike aya hiyo mwenyewe.

Jamani, ile aya! Hatutaisahau. Alituzungushia kitengo kizima tuisome, akafuta kila neno lililomfanya yeyote akunje uso. Barafu aliisoma akauliza swali, ikaandikwa upya. Mumewe alirudisha nakala yake na alama za kalamu nyekundu na maneno “jitahidi zaidi”. Mwishowe ikatoka hivi, nami nainukuu kwa sababu ni mistari inayosomwa leo na watu wasiotujua: “Fanksheni ya zamani ilipuuza usomaji wa kwanza baada ya umeme kurudi, kwa kuwa kipima joto huwa hakijazinduka na husema sifuri. Mpya haifanyi hivyo mpaka uiambie ingoje. Kama kifaa chako hukatikiwa umeme, iambie ingoje, kisha chomoa waya uone kwa macho yako.” Jina lake halipo. Aliulizwa kama angependa liwekwe, akasema msomaji anatafuta joto, hamtafuti yeye.

Toleo jipya liliwekwa wiki mbili zilizopita, kwanza bohari, kisha ng'ambo ya barabara; zahanati ya mwisho itafikiwa tarehe thelathini, ndipo Babu afutwe. Nesi mkuu alikuwa ameshasimuliwa kisa chote, chanjo zikiwa zimehamishiwa kwenye masanduku ya baridi. Akasema kama kuna wa kuchomoa hapa ni mimi. Akachomoa kwa mkono wake. Jokofu likazimika. Akachomeka, na likaendelea kukaa kimya. Tulisimama pale watu wazima watano tukiangalia mlango mweupe. Mimi niligundua nimeshika mkono wa bosi, naye hakuutoa. Kisha mota ikanguruma. Nesi akashusha pumzi, akatugeukia mmoja mmoja. “Mmenizeesha nyie,” akasema, “na huyu mama ndiye anaondoka?”

Ijumaa iliyopita Babu aliagwa. Mama Kulikoni alimsomea wasifu mwenyewe, maswali yote matatu yakijibiwa, na hapakuwa na aliyecheka sana. Imebaki kumuaga yeye, na taratibu ni taratibu.

Nani bado anamwita? Kila mtu. Madereva, zahanati, mhasibu wa sasa, na kuna mtunzaji wa maktaba huko aliko ambaye siku hizi humtumia maelezo ayapitie kabla hayajatoka.

Nani anachukua nafasi yake? Tangazo la nafasi hiyo linasema anatakiwa mtu wa “kushughulikia programu na kazi nyingine atakazoelekezwa”. Tumeiomba ofisi ya utumishi iliandike upya. Kwa sasa maonyo yatasomwa na kitengo kizima kwa zamu, kuanzia na mwenye kipara. Tunatofautiana naye wapi? Msituchoshe.

Alifanya nini ambacho hakikuandikwa popote? Hili limenisumbua kuliko yote, na nadhani nimelipata. Jibu la kwanza hakulipokea kamwe, la mashine wala la mtu. Ukimwambia kazi imekwisha, hungoja kidogo, akakuangalia juu ya miwani, kisha anauliza tena. Mara ya pili ndipo unapomwambia kweli.

Kwa hiyo juzi, wakati birika likipiga mluzi, tulimuuliza kama amefurahi kustaafu. Akasema ndiyo, sana, anakwenda kupumzika. Hatukuandika. Tulinyamaza, kama alivyotufundisha, tukamwangalia, tukamuuliza tena. Akazungusha kijiko kwenye kikombe, akacheka. “Sijui bado. Ngoja nikaone.”

Nenda kaone, Mama Kulikoni. Ahsante kwa maonyo yote uliyoyasoma kwa niaba yetu, kwa chai zote za Ijumaa, na kwa ile aya. Afya njema, usingizi mrefu, na Mwalimu apunguze kalamu nyekundu. Ukishajua kulikoni huko, tuandikie, nasi tutasubiri jibu la pili.